Tunashuka Mombasa Jumapili, mkondo wa kwanza wa mchujo: nimpange nani na tucheze vipi?

benchi_la_kayole

Wadau, naomba mawazo ya wanaoielewa kazi hii, hasa mnaojua mechi za Pwani.

Jumapili saa kumi alasiri tunacheza Mombasa, mkondo wa kwanza wa mchujo wa kupanda daraja. Marudiano ni huku kwetu wiki moja baadaye. Kanuni tulizopewa ni hizi: wachezaji 18 kwenye orodha, mabadiliko 5, bao la ugenini halina uzito wa ziada, na jumla ya mabao ikilingana tunaenda penalti moja kwa moja.

Nyumbani tunacheza 4-3-3 (mabeki wanne, viungo watatu, washambulizi watatu) na tunakaba juu kuanzia golikiki ya mpinzani. Wenyeji wetu tumewaona kwenye video mbili za simu. Wanacheza 4-4-2, mawinga wana kasi, namba tisa (mshambulizi wa kati) ni mrefu, na namba mbili wao (beki wa kulia) hurusha mpira wa pembeni kwa mikono ukafika karibu na alama ya penalti. Uwanja wao ni mwembamba. Aliyeupima kwa hatua alipata kama mita 95 kwa 58. Ardhi ni ngumu, ina mchanga sehemu za katikati na nyasi chache pembeni.

Namba tatu wangu (beki wa kushoto) amefungiwa kwa kadi. Nina winga wa mguu wa kushoto ninayeweza kumrudisha nyuma, au beki wa mguu wa kulia anayekaba vizuri lakini hajauzoea upande wa kushoto. Namba sita (kiungo mkabaji) ninao wawili. Mmoja ana miaka 34, anausoma mchezo na pasi yake haipotei, ila mbio zimepungua. Mwingine ana miaka 19, anakimbia dakika zote 90, lakini huacha nafasi yake na kuufuata mpira. Namba tisa wa kwanza ametoka kwenye jeraha la msuli wa nyuma ya paja, na amefanya mazoezi kamili siku mbili tu.

Nibaki na 4-3-3 au nibadilishe? Na usafiri: bajeti inaruhusu ama basi la usiku wa Jumamosi bila hoteli, ama treni ya SGR Jumamosi na kulala usiku mmoja mahali pa kawaida. Tuko watu 22.

mwalimu_wa_jericho

Kocha, kabla ya majina: chagua kikosi cha dakika ya 65 hadi ya 90. Timu ya Nairobi ikishuka Pwani na kasi yake ya nyumbani hupendeza nusu saa ya kwanza, kisha mistari inaachana. Washambulizi wanabaki juu wakisubiri mpira, mabeki wanarudi nyuma kwa woga, na katikati hapana mtu wa kuokota mpira wa pili, ule unaoanguka baada ya kugombaniwa. Mabao huingilia hapo, wala si kwa sababu mpinzani ni bora.

Kwa hivyo presha ya golikiki iache nyumbani, utaihitaji kwenye marudiano. Mombasa kabeni juu katika hali tatu tu: beki wao akipokea mpira huku anatazama goli lake, pasi ya kurudi kwa kipa ikidunda, na wanaporusha mpira ndani ya nusu yao. Hali nyingine zote, namba tisa wako asubiri kwenye ukingo wa mbali wa duara la kati, na mstari wa mabeki ukae kama mita 30 kutoka goli lenu. Kati ya mtu wa mwisho na mtu wa kwanza pawe na mita 25 hadi 30. Zikizidi 35, nahodha aite timu isimame hata kama mpira uko mbali.

Sasa upana. Eneo la penalti lina upana wa mita 40.3 kwenye uwanja wowote. Kwenye uwanja wa mita 58, kutoka ukingo wa eneo hilo hadi mstari wa pembeni zinabaki kama mita 9 tu kila upande. Mawinga wa 4-3-3 wanaoishi pembeni hawatakuwa na nafasi ya kumzunguka mtu, na watakuwa mbali wakati wa kukaba. Ningecheza 4-1-4-1 tusipokuwa na mpira. Mabeki wanne wakiachana mita 9 hivi wanafunika karibu nusu ya upana, kwa hivyo beki wa upande ulio mbali na mpira aingie ndani hadi usawa wa mlingoti wa mbali bila wasiwasi.

Upana huohuo ndio unaomfanya namba mbili wao awe hatari. Kutoka mstari wa pembeni hadi mlingoti wa karibu ni mita 25 na kidogo. Kwenye uwanja wa mita 68 zingekuwa 30. Hiyo tofauti ya mita 5 inageuza mpira wa kurusha kuwa kona, tena kona isiyo na kuotea, maana mtu hahesabiwi kuwa ameotea akipokea mpira uliotoka moja kwa moja kwenye mrusho. Usiwafundishe vijana kuweka mstari wa kuotea pale, hautafanya kazi.

Ukabeni hivi. Mtu mmoja asimame mbele ya mrushaji, mita 2 kutoka mahali pa kurushia kama sheria inavyotaka, aruke mikono ikiwa chini ili mpira upande juu zaidi na upoteze kasi. Namba tisa wao awekewe wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Wa mbele ndiye anayeugonga. Wa nyuma anangoja ule unaoteleza kichwani. Beki mmoja akae mlingoti wa karibu. Wawili wakae kwenye ukingo wa eneo la penalti, usawa wa alama ya penalti, kwa sababu mpira wa kurusha ukigongwa mara ya kwanza huanguka hapo. Kipa atoke tu kama ana hakika ya kuupiga ngumi ndani ya kiboksi chake kidogo. Akisita njiani, bora angebaki kwenye mstari. Mkiokoa, okoeni kuelekea mbele na katikati au upande wa pili. Beki anayebutua nje karibu naye amewapa mrusho mwingine palepale.

Majina: namba sita ni yule wa miaka 34. Ukikaza mistari, eneo lake ni kama mita 20 kwa 15 na kazi yake ni kusimama anapoanguka mpira wa namba tisa wao. Hiyo kazi haitaki mbio, inataka macho. Kijana wa 19 mweke namba nane, kiungo wa mbele yake, aufuate mpira anavyopenda kwa sababu nyuma kuna mtu anayelinda nyumba.

Namba tatu, chukua beki wa mguu wa kulia. Tatizo lake litaonekana kwenye kupokea mpira: atageukia ndani kwenye mguu wake mzuri na kukutana na presha. Kwa hivyo kipa asianzishe mpira kwake, aanzishe kulia. Kwenye kukaba, asimame nusu hatua nje zaidi ya kawaida ili winga wao alazimike kuingia ndani kwa namba sita. Winga wako wa kushoto abaki mbele yake, na hapa ndipo sababu kubwa ilipo. Namba mbili wao akipanda kurusha, nyuma yake ni tupu. Huo ni upande wenu wa kushoto. Mkiokoa mrusho, pasi ya kwanza iende huko mara moja. Ukimrudisha winga huyo kuwa beki, utakuwa umeitupa silaha pekee inayomwadhibu mrushaji.

sita_mkongwe

Nakubaliana na mwalimu kuhusu upana na mrusho. Sikubaliani na 4-1-4-1 ya kusubiri. Kwenye joto, kukimbia bila mpira kunachosha kuliko kukimbia nao, kwa sababu unaenda mpinzani anakotaka. Namba tisa akiwa peke yake, kila mpira mnaookoa utarudi kabla mabeki hawajapumua, na mtakaa nyuma dakika 90.

Mimi ningeweka watu wawili mbele, 4-4-2 kwa 4-4-2, halafu nipumzike kwa mpira. Pasi za mita 10 hadi 15, nyuma na pembeni, hata ishirini mfululizo, bila lengo jingine ila kuwafanya wao wakimbie. Namba sita mkongwe ndiye mtu wa kazi hiyo. Mwenyeji akikosa mpira dakika tatu mbele ya mashabiki wake huanza kupandisha mabeki kwa hasira, na nafasi inafunguka.

kaskazi_na_kusi

Nasoma mifumo tu humu, lakini kitu cha kwanza kitakachowasumbua ni hewa yenyewe. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi. Mombasa hewa ni nzito kwa zaidi ya asilimia 10, hata ukihesabu joto. Pasi ndefu inayofika mguuni Kayole, Mombasa inashuka mapema na beki wao anaikata. Golikiki inapungua mita kadhaa. Krosi na frikiki, kinyume chake, hukunja zaidi, kwa hiyo mpigaji aliyezoea kulenga nje kidogo ya mlingoti atashangaa mpira ukiingia mikononi mwa kipa. Mwambie mpigaji wako wa kona apige mipira 15 Jumamosi jioni akiwa Mombasa. Ile ya Ijumaa Nairobi haimfundishi kitu kuhusu Jumapili.

Mipira yenu ya mazoezi nayo itafika imelegea. Shinikizo la hewa ya nje ni kubwa zaidi usawa wa bahari, hivyo mpira uliopimwa Nairobi ukiwa na paundi 10 kwa inchi ya mraba utaonyesha kama 8 ukifika. Sheria inataka 8.5 hadi 15.6. Bebeni pampu, sindano mbili na kipimo, mjaze upya mkifika. Vijana wakipasha misuli na mpira laini, wa mechi utawatoka mguuni.

Uwanja wa aina hiyo, ardhi ngumu na mchanga katikati, una midundo miwili. Sehemu ngumu mpira unadunda juu na kukimbia. Kwenye mchanga unakufa. Sita_mkongwe, hizo pasi ishirini zako zikipita katikati zitasimama kwenye mchanga mara ya nne. Pitisheni pembeni kwenye nyasi. Viatu: njumu zenye meno mafupi mengi ya plastiki. Zile za vyuma sita hazizami kwenye ardhi ngumu, zinateleza, na nyayo zitaungua hadi malengelenge kufikia mapumziko.

Jua na upepo. Mwezi huu unavuma kaskazi, kutoka kaskazini mashariki. Mkifika Jumamosi, angalieni uwanja umelala vipi. Kama magoli yanatazamana mashariki na magharibi, kipa anayelinda goli la mashariki anatazama jua la machweo kipindi cha pili, na saa kumi na moja na nusu jua liko usoni kabisa. Mkishinda sarafu, chagueni goli la mashariki kipindi cha kwanza. Jua bado liko juu, na kaskazi inawasukuma kutoka nyuma. Kipindi cha pili kipa wenu anakuwa na jua mgongoni. Upepo utawapinga, lakini mpira wa chini hausumbuliwi sana na upepo, na krosi isiyoonekana haina dawa. Kama uwanja umelala kaskazini na kusini, fikirieni upepo tu.

Jambo la mwisho: kuna wanaodhani mapafu ya Nairobi yatawabeba. Ni kweli oksijeni Pwani ni tele, lakini jasho halikauki mwilini kwa sababu ya unyevu, na jasho lisilokauka halipozi. Mwili huchukua siku 7 hadi 14 kuzoea joto. Ninyi mna usiku mmoja.

mfuko_wa_barafu

Mtu wa namba tisa kwanza. Siku mbili za mazoezi kamili baada ya msuli wa nyuma ya paja ni chache mno kuanza mechi. Mpime Alhamisi. Alale chali, kisigino kimoja juu ya benchi, goti limepinda kidogo, ainue kiuno kwa mguu huo mmoja hadi achoke, na ahesabu. Fanya mguu wa pili. Tofauti ikiwa kubwa au maumivu yakitokea, hasafiri kama mchezaji. Akipita, mpe mbio sita za mita 30 kwa kasi yote na mapumziko ya dakika moja, mbili za mwisho zikiwa za kusimama ghafla. Msuli huu hukatika mtu anapofungua hatua kwa kasi ya juu, au anapoinama kuudhibiti mpira akiwa kwenye mbio. Mbio za polepole zisikudanganye. Akipita vyote, mpe dakika 20 za mwisho kama mna haja ya bao; kama hamna, muache kwa marudiano. Ukimwanzisha na akakatika dakika ya 15, umepoteza mchezaji kwa mechi zote mbili na mabadiliko moja.

Usafiri: SGR, bila mjadala. Nairobi hadi Mombasa kwa barabara ni karibu kilomita 480, na basi la usiku ni saa nane au tisa magoti yamekunjwa, wakifika wana usingizi nusu na misuli imekaza. Treni ni kama saa tano na watu wanaweza kusimama na kutembea. Kila dakika 45, dakika tano za kutembea kwenye behewa. Panga gari la kuwachukua Miritini mapema, kwa sababu kituo kiko mbali na mji. Usingizi wa usiku wa Ijumaa ndio muhimu kuliko wa Jumamosi, maana wa Jumamosi watakuwa na wasiwasi kitanda kiwe kizuri namna gani. Kama vyumba havina feni, ulizeni kabla ya kulipa.

Chakula: mechi ni saa kumi, mlo mkubwa uwe saa sita, usizidi saa sita na nusu. Wali mweupe au ugali, kuku au samaki asiyeelea kwenye mafuta, mboga kidogo. Maharagwe, githeri, wali wa nazi, viazi karai na biriani vingoje filimbi ya mwisho. Mafuta na nyuzinyuzi hukaa tumboni muda mrefu. Saa nane na nusu, ndizi moja au mbili au mkate wenye jemu.

Maji: kila mtu anywe mililita 5 hadi 7 kwa kila kilo ya uzito wake saa nne kabla ya mechi. Mtu wa kilo 70 ni kama nusu lita au chini kidogo. Usiwaache wanywe lita mbili kwa mkupuo kwenye chumba cha kubadilishia. Siku ya mechi hesabu lita 3 kwa mchezaji, yaani lita 54 kwa wachezaji 18, mitungi mitatu ya lita 20. Mmoja uwe wa chumvi na sukari: kwa kila lita, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa. Chumvi ikizidi watatapika. Pima kwa kijiko kimoja, mtu mmoja. Madafu ni mazuri na yana potasiamu nyingi, lakini sodiamu yake ni kidogo, na kinachotoka na jasho zaidi ni sodiamu. Yasichukue nafasi ya mchanganyiko huo.

Beba mizani ya kawaida. Pima kila mmoja Jumamosi kabla na baada ya mazoezi ya jioni. Aliyepoteza zaidi ya asilimia 2, kilo 1.4 kwa mtu wa kilo 70, ndiye atakayeanguka dakika ya 70 Jumapili. Hiyo orodha ndogo itakuonyesha nani wa kutoa mapema kuliko macho yako.

Barafu na taulo kwenye ndoo mbili. Mapumziko: taulo baridi shingoni na kwapani dakika tano za mwanzo, ndipo kocha azungumze. Na hili lijulikane na kila mtu kwenye benchi: mchezaji akianza kuyumba, kujibu maneno yasiyoeleweka au kusahau upande anaoshambulia, atolewe papo hapo, apelekwe kivulini, amwagiwe maji baridi mwili mzima na kupepewa, huku gari likitafutwa. Kupoza kunaanza kabla ya safari ya hospitali. Kiharusi cha joto huua, na hakisubiri mpira utoke nje.

kibendera_cha_pili

Naongeza ya upande wa waamuzi, kwa sababu mechi nyingi za ugenini huharibikia mezani.

Orodha ya 18 ikishaandikwa na kusainiwa, jina lisilo ndani halichezi. Msimpeleke namba tisa huyo kwenye orodha kwa kumfurahisha kama hatumiki. Nafasi hiyo ni ya beki wa pili wa akiba. Kama mtu wa kikosi cha kwanza ataumia wakati wa kupasha misuli, aliye akiba anaweza kuanza badala yake na mabadiliko yenu matano yanabaki matano, mradi mwamuzi ajulishwe kabla ya filimbi ya kwanza. Msipomjulisha mnaingia kwenye ripoti.

Mabadiliko 5 kwa kawaida hufanywa kwa kusimamisha mchezo mara 3 tu, mapumziko yakiwa nje ya hesabu. Hakikisheni kwenye kikao cha kabla ya mechi. Kosa linaloonekana sana ni kumtoa mmoja dakika ya 55, mmoja 63, mmoja 70, kisha watu wawili wanachechemea na hamna tena nafasi ya kuwatoa.

Kwenye kikao hichohicho ombeni mapumziko ya kupoza mwili. Sheria inatofautisha: ya kunywa maji hayazidi dakika moja, ya kupoza mwili ni sekunde 90 hadi dakika 3. Hufanywa katikati ya kila kipindi. Msisubiri kuyaomba uwanjani.

Kipa wenu aelewe kanuni ya sekunde 8. Akiushika mpira kwa mikono zaidi ya hapo, adhabu ni kona, na mwamuzi ataonyesha sekunde 5 za mwisho kwa vidole. Timu inayotafuta sare ugenini ndiyo hunaswa, na kona mbele ya namba tisa mrefu ni zawadi mbaya.

Bebeni jezi seti mbili na rangi mbili za kipa. Bukta za ndani ziwe rangi ya bukta za nje, na tepu ya soksi iwe rangi ya soksi. Mtu anayetolewa nje kubadilisha tepu dakika ya 4 anawaacha 10. Kadi za usajili zikae kwa mtu mmoja, si kwenye begi la mipira. Fikeni uwanjani dakika 90 kabla.

mwalimu_wa_jericho

Sita_mkongwe, hoja yako ya namba tisa kuachwa peke yake ina uzito. Jibu langu ni kijana wa miaka 19: mkipata mpira, yeye ndiye mtu wa pili mbele, tunakuwa 4-4-2 kwa muda huo, mkiupoteza anarudi. Ila kazi hiyo ni ya dakika 60, haiwezekani 90. Kupumzika kwa mpira nakubali, lakini kwa upande wa kulia kwenye nyasi, kama kaskazi alivyosema, na kamwe si mbele ya eneo letu la penalti.

Krosi zao nazo: wakiwa zaidi ya mita 20 kutoka mstari wa goli, waache wapige. Mpira mrefu wa juu kutoka huko ni wa mabeki wa kati. Krosi ya kuzuiwa ni ile ya chini, ya kurudi nyuma, kutoka karibu na mstari wa goli.

benchi_la_kayole

Nimewasoma mara mbili, asanteni sana. Nimepanga hivi, nirekebisheni.

SGR Jumamosi, mazoezi mepesi ya dakika 30 jioni uwanjani kwao wakikubali. Kikosi: mabeki wanne akiwemo wa mguu wa kulia upande wa kushoto, mkongwe namba sita, kijana namba nane, winga wa kushoto anabaki mbele. Namba tisa wa pili anaanza. Wa kwanza anapimwa kesho na akifeli nampa nafasi yake beki wa akiba. Alhamisi dakika 25 ni za mrusho mrefu peke yake.

Yamebaki mawili. Mabadiliko niyapange dakika ngapi? Na tukifungwa la mapema, tuanze kukaba juu?

mwalimu_wa_jericho

Mkifungwa mapema, msibadilishe chochote hadi mapumziko. Moja bila ugenini inarekebishika Nairobi, ambako wao ndio watakaopanda mita 1,700 na kukosa pumzi. Tatu bila hairekebishiki, na hutoka kwa timu iliyofungwa la kwanza ikakimbilia mbele.

Mabadiliko: mara ya kwanza dakika ya 58 hadi 60, wawili pamoja, mawinga. Hao ndio hukimbia mbali zaidi kwenye mfumo huu, na beki wako wa kushoto asiye wa upande huo atahitaji mtu mwenye miguu mbele yake. Mara ya pili dakika ya 70, namba nane na namba tisa. Ya mwisho iweke hadi dakika ya 80 kwa mtu aliyechechemea au mwenye kadi ya njano. Mkongwe usimtoe isipokuwa mizani ya Jumamosi imemwonyesha kuwa anapoteza maji mengi. Mkiwa mnaongoza au mko sare, mpira wa pili ni wake hadi mwisho.

Zoezi la Alhamisi, tafuta kijana anayerusha mbali zaidi kwenye timu na umsogeze mita 5 ndani ya uwanja. Ukimweka kwenye mstari wa uwanja wenu wa kawaida, mtakuwa mnajiandaa kwa mrusho mfupi kuliko wa Jumapili.

kaskazi_na_kusi

Wenyeji wakiwanyima uwanja Jumamosi jioni, tafuteni ufuo wenye mchanga mgumu maji yakiwa yamekupwa, au uwanja wowote wa shule. Shida yenu ni hewa na mpira, na hivyo viko kila mahali Mombasa. Kipa apige golikiki kumi, mpigaji kona zake 15, mabeki pasi ndefu ishirini za mita 40. Na wafanye hivyo saa kumi na moja, si usiku, wapate na joto la saa za mechi.